Zimwi la Pumzi Mia na Ishirini

Gichovi Njeru alikuwa fundi wa mitambo ya kumenya kahawa, na kazini hakukubali kushindwa na mashine yoyote. Lakini kila Jumamosi saa tisa alasiri, katika stoo iliyo nyuma ya agroveti ya Kivuti, duka la dawa na chakula cha mifugo mjini Runyenjes, kazi yake ilikuwa kushindwa, tena kushindwa vizuri.

Mchezo wenyewe alikuwa ameujua alipokuwa chuo cha ufundi Nairobi. Hauna ubao wala kete. Una karatasi, penseli, dadu moja yenye pande ishirini, na midomo ya watu. Kila mchezaji anajitungia msafiri wake: jina, kazi, anachoweza na asichoweza. Mtu mmoja anasimulia nchi wanayopita na kuwawekea maadui njiani. Adui akitokea, dadu ndiyo inaamua nani amepiga na nani amekosa. Kila msafiri ana idadi yake ya pumzi. Akipigwa zinapungua, zikiisha amekufa, na kwa kanuni ya Gichovi aliyekufa harudi.

Msimulizi alikuwa Gichovi, na shida yake kubwa ilikuwa maadui. Akiwafanya dhaifu, Kivuti anapiga miayo na kuanza kuhesabu magunia ya chakula cha kuku. Akiwafanya wakali, watu wanakufa kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi, akishakamua ng'ombe, aliketi mezani jikoni na kulicheza pambano la siku hiyo peke yake, pande zote mbili, mara kumi. Wasafiri wakishinda aliandika alama ya vema. Wakifa aliandika mkasi. Mikasi ikizidi mitatu, alimpunguzia adui pumzi au meno, kisha akaanza upya.

"Si uwaache tu wapigane?" mke wake Wambeti alimwuliza siku moja, akimenya viazi upande wa pili wa meza.

"Nataka wachoke, Mama Muthoni. Waogope. Wabaki na pumzi mbili tatu. Lakini mlango uwepo."

"Na wasipouona huo mlango?"

"Hiyo ni juu yao. Yangu ni kuhakikisha kwamba upo."

Wachezaji walikuwa wawili. Kivuti, mwenye agroveti, alicheza mhunzi mwenye nyundo. Sista Wawira, muuguzi wa zahanati ya hapo mjini, alicheza mganga wa mitishamba. Walikuwa wamecheza hivyo karibu mwaka mzima. Kisha, mwezi wa pili wa 2019, Wawira akaja na ombi.

"Baba yangu anakaa kwangu tangu mama afariki. Alikuwa mwalimu. Sasa anaketi tu kwenye kiti akiangalia barabara. Naomba nije naye, akikataa nitamrudisha nyumbani."

"Mlete," Gichovi alisema. "Watatu ni wengi kidogo, nitaongeza maadui."

Jumamosi iliyofuata Wawira aliingia stooni na mzee mrefu aliyevaa sweta ya kijivu chini ya koti. Gichovi aliinuka kumpa mkono, na mkono ukiwa bado hewani akamtambua. Alikuwa Mwalimu Misheck. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yao ya msingi kwa miaka miwili tu, akiwa ameacha familia yake kwao Siakago, ndiyo maana Gichovi hakuwahi kujua kwamba Wawira ni bintiye.

"Karibu, Mwalimu," alisema.

"Asante, kijana. Nimeambiwa hapa watu wazima wanacheza." Mzee alimtazama usoni, akatabasamu, akaketi juu ya gunia. Hakumtambua. Wanafunzi aliowafundisha walikuwa maelfu.

Alipewa karatasi ya kujitungia msafiri. Aliandika kwa utaratibu, kwa mwandiko wa ubaoni, kisha akasoma: "Jina, Ciakuthii. Kazi, mrina asali. Silaha, mkuki mfupi na kijinga cha moshi."

Wawira aligeuka. "Baba, hilo ni jina la cucu."

"Ndiyo. Mama yangu alitamani sana kupanda mizinga. Wazee wakamkataza, eti mwanamke hapandi. Alikufa bila kupanda hata mmoja." Akamgeukia Gichovi. "Hapa kuna wa kumkataza?"

"Hakuna," Gichovi alijibu.

Mzee aliupenda mchezo kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Aliuliza maswali mengi: upepo unavuma kutoka wapi, mto una kina gani, adui anakula nini. Aliandika kila kitu. Ciakuthii wake alipanda majabali, akawavusha wenzake mto Thuci kwa kamba, akalifukuza kundi la fisi kwa moshi. Wawira alisema baba yake sasa anaamka mapema siku ya Jumamosi na kunyoa ndevu.

Gichovi alisimulia, akarusha dadu, akamimina chai. Lakini kila mzee alipoinua kidole kuuliza swali, alimjibu akiangalia karatasi zake.

Mwaka wa 1996, akiwa darasa la saba, Gichovi alipata alama tisini na sita katika mtihani wa hesabu. Hakuna aliyewahi kupata alama hizo shuleni hapo. Mwalimu Misheck alimwita mbele ya gwaride, akasema alama hizo hazitoki kwenye kichwa cha mtoto huyu, ni za wizi. Kama si wizi, basi afanye swali moja hapa, kila mtu akiona. Ubao uliletwa nje. Mwalimu aliandika swali. Gichovi alilitazama na hakuona pa kuanzia. Zilikuwepo herufi na namba ambazo hajawahi kuziona pamoja. Alisimama na chaki mkononi mpaka ikaanza kulowa jasho. Shule nzima ikacheka. Alichapwa viboko vinne, na mwaka uliofuata akarudia darasa la saba wenzake wakienda la nane.

Miaka mitano baadaye, akiwa sekondari, mwalimu wake alifungua kitabu na kuandika ubaoni swali lile lile. Kilikuwa kitabu cha kidato cha tatu.

Hayo hakumwambia mtu yeyote pale stooni, na labda angeyameza yakaisha. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa tano, wakinywa chai, Kivuti alilalamika kwamba siku hizi mitihani inaibwa kila mahali. Mwalimu Misheck akatikisa kichwa.

"Enzi zetu haikuwezekana. Mimi mwizi wa mtihani nilimjua kwa macho tu. Sikukosea hata mara moja."

Gichovi aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika kwenye karatasi zake, akaifuta kwa mkono wa shati, na siku ile alisimulia vibaya mpaka jioni.

Jumamosi iliyofuata aliketi jikoni kama kawaida. Aliandika: zimwi, ndani ya pango la kilima cha Karue. Pumzi mia na ishirini. Linapiga mara mbili kila mzunguko, na dadu ikionyesha sita au zaidi, limepata. Kila pigo linaondoa pumzi kumi na mbili. Wageni wakishaingia, mwamba unaanguka na kuziba mlango.

Alilicheza mara kumi. Akaandika mikasi kumi.

Wambeti, akipita na ndoo ya maziwa, aliinama kuangalia karatasi. "Leo vema hakuna?"

"Bado sijamaliza," alisema Gichovi. Lakini alikuwa amemaliza. Alikunja karatasi akaitia mfukoni.

Pambano lilianza saa kumi kasorobo. Zimwi lilipotoka gizani na mwamba ukaanguka nyuma yao, Kivuti alipiga makofi kwa furaha. Mizunguko miwili baadaye hakuwa na furaha tena. Nyundo yake ilikuwa imerushwa mara mbili na kukosa, na mhunzi wake alikuwa amepigwa mara tatu.

"Tunaweza kurudi nyuma?" Mwalimu Misheck aliuliza.

"Mwamba umeziba."

"Kuusukuma je? Kwa pamoja?"

"Hausogei."

Mzee aliandika. "Basi nawasha kijinga. Nalipulizia moshi machoni, kama wale fisi."

Kwa kanuni walizozizoea, hilo lingempa zimwi shida ya kuona kwa mzunguko mmoja. Gichovi alijua. Alisema, "Halisumbuliwi na moshi."

Wawira aliinua macho. "Hata kidogo? Lina macho, si ulisema?"

"Nimesema halisumbuliwi."

Dadu ikaanguka. Mhunzi wa Kivuti alipigwa pigo la nne, akabakiwa na pumzi moja, akalala chini bila fahamu. Kutoka dukani ilisikika sauti ya mteja akigonga kaunta kwa sarafu. Kivuti hakuinuka.

Mwalimu Misheck alikuwa akiangalia dari, kana kwamba pango lilikuwa pale juu ya mabati. "Moshi wangu," alisema polepole. "Zimwi halijali, sawa. Lakini moshi wenyewe unaenda wapi?"

Gichovi alifungua mdomo. Angeweza kusema umetanda tu. Hakuna ambaye angejua. Pango lilikuwa lake, moshi wake, jiwe lake. Lakini hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa katika mchezo ule, na ulimi ukakataa kulijibu kwa uongo.

"Unapanda juu," alisema.

"Unabaki huko juu?"

"Hapana. Unatoka."

"Basi kuna ufa," mzee alisema. Aligeuka kwa bintiye. "Mganga, mbebe mhunzi. Fuata moshi."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi nasimama hapa. Mtu asiposimama litawafikia. Ciakuthii anajua kupanda, lakini leo hapandi."

Wawira alihitaji mizunguko mitatu kumvuta mhunzi mpaka kwenye ufa. Katika mizunguko hiyo Ciakuthii alirusha mkuki mara tatu na kupata mara moja. Pigo la kwanza la zimwi lilimwacha na pumzi ishirini, la pili na nane. Kila mara mzee alifuta namba ya zamani kwa ufutio, akapuliza vumbi lake, akaandika mpya. Pigo la tatu lilipokuja, mganga alikuwa ameshatoka nje na mhunzi mgongoni. Mwalimu Misheck aliandika sifuri, akaweka penseli juu ya karatasi.

"Haya," alisema. "Amekwisha."

Kivuti alienda dukani kumhudumia mteja. Wawira alikusanya vikombe akaenda kuviosha kwenye mfereji wa nje. Wakabaki wawili, Gichovi na mzee. Gichovi alikuwa amepata alichokitaka.

"Nionyeshe karatasi yako," mzee alisema. Hakusema kwa ukali. Gichovi alimpa.

Mwalimu Misheck alivaa miwani. Alisoma, akachukua penseli, akahesabu pembeni. "Kwa nguvu zetu, kulimaliza zimwi hili tulihitaji mizunguko ishirini na saba hivi. Lenyewe lilihitaji kama sita kutumaliza sote. Miezi mitatu nimecheza hapa na nimekuwa nikihesabu mapambano yako. Yako sawa kabisa, kama mizani ya duka la dhahabu. Kwa hiyo hili si kosa la hesabu." Alishusha kidole. "Na hii mikasi kumi?"

"Nililijaribu nyumbani. Mara kumi."

"Mara zote tulikufa."

"Ndiyo."

"Na ukaja nalo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mzee alivua miwani. "Nimekukosea nini?"

Gichovi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo miaka mingi, na lilipokuja, maneno yote makubwa yalikuwa yametawanyika. "Mimi ni Gichovi wa Njeru. Darasa la saba, mwaka wa tisini na sita. Ulinipa swali mbele ya gwaride."

Nje, Wawira alikuwa akigonganisha vikombe. Uso wa Mwalimu Misheck ulibadilika polepole, kama wa mtu anayesikia hatua za mgeni kabla hajabisha.

"Kijana wa tisini na sita kwa mia," alisema.

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa mdogo. Mwembamba."

"Swali lile lilikuwa la kidato cha tatu."

"Najua." Sauti ilikuwa ya chini. "Nilijua hata siku ile. Nililitoa kwenye kitabu cha kaka yangu."

Gichovi alikuwa ametarajia mzee akatae, au aseme amesahau. Hili hakulitarajia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu jana yake niliwaambia walimu ofisini kwamba umeiba. Asubuhi nikakuangalia ukipanga mstari, nikaona huenda si kweli. Lakini nilikuwa nimeshasema. Nilikuwa mgeni pale, mwalimu mkuu mpya, Mmbeere kutoka nyanda za chini, katikati ya watu wa mlimani. Sikutaka ionekane nimekosea. Nikatafuta swali ambalo huwezi."

"Wiki iliyopita ulisema hukuwahi kukosea."

"Nimesikia nilivyosema," mzee alijibu. "Mtu akirudia jambo miaka mingi, linamzoea." Alisimama kwa shida, mkono mmoja ukishika rafu ya madawa ya mifugo. "Nilikukosea, Gichovi. Sikukuadhibu kwa kosa, nilikuadhibu kwa aibu yangu. Sijui nifanye nini nalo sasa."

Gichovi naye hakujua. Hakusema yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Alisema tu, "Moshi ungelisumbua lile zimwi. Kwa kanuni. Nilikudanganya."

"Nilijua," mzee alisema, akatoka nje kumfuata bintiye.

Jumamosi iliyofuata Wawira alikuja peke yake. Gichovi aliwaeleza, yeye na Kivuti, kila kitu: zimwi, mikasi kumi, moshi, na mwaka wa tisini na sita. Alidhani Kivuti ndiye atakayekasirika. Kumbe alikuwa Wawira.

"Nilimleta hapa akiwa amekufa nusu," alisema. "Ulikuwa na mdomo. Ungemwambia. Ungeniambia mimi. Badala yake unamwulia mama yake mbele yangu."

"Ni kweli, Sista."

"Na yeye! Miaka yote hiyo ananifundisha nisiseme uongo!" Macho yake yalijaa maji, akayafuta kwa hasira. "Sijui nimkasirikie nani."

"Wakasirikie wote wawili," Kivuti alisema. "Lakini kaa, chai ipo."

Alikaa. Hawakucheza siku hiyo.

Ilipita Jumamosi nyingine. Ya tatu, mzee aliingia saa tisa kamili, na sweta ile ile, na karatasi mpya iliyoandikwa tayari. Gichovi alimsogezea gunia lake.

"Mwalimu, nimefikiria. Naweza kulifuta lile pambano. Ciakuthii arudi, tuseme halikutokea."

Mzee alitikisa kichwa. "Acha. Ulimwua vibaya, lakini alikufa vizuri. Ukilifuta, utamnyang'anya hilo pia." Akanyoosha karatasi. "Huyu ni mpiga ngoma. Hajui kupigana hata kidogo. Tutaona."

Asubuhi ile Gichovi alikuwa ameketi jikoni muda mrefu kuliko kawaida. Kila alipompa adui meno, mkono uliyapunguza. Mwishowe aliondoka nyumbani na wezi wanne wa mifugo na vema kumi, akijiambia kwamba ni siku ya kwanza ya mpiga ngoma, hakuna ubaya.

Pambano lilipoanza, mwizi wa kwanza alianguka kwa pigo moja. Wa pili akakimbia. Mwalimu Misheck alisimamisha penseli.

"Gichovi."

"Naam, Mwalimu."

"Hawa umewapunguza."

Gichovi aliangalia chini.

"Sikuja hapa kuhurumiwa," mzee alisema. "Kunionea na kunihurumia ni karibu kitu kimoja. Pande zote mbili umeshaamua mwisho kabla sijafungua mdomo. Nipe pambano ambalo wewe mwenyewe hujui litaishaje."

Kivuti alicheka. "Usiongeze sana lakini, mhunzi wangu bado anachechemea."

Gichovi aligeuza karatasi upande mweupe. Alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole chini ya meza, kisha akasimulia: mwizi aliyekimbia alipuliza filimbi, na kutoka kwenye migomba wakatoka wenzake watatu, mmoja amevaa ngozi ya chui. Hakuwa amewajaribu hata mara moja. Alirusha dadu akiwa na wasiwasi wa kweli, na aliona Wawira akivuta kiti karibu.

Walipigana zaidi ya saa nzima. Mganga wa Wawira alipoteza mfuko wake wote wa dawa mtoni. Mhunzi alimwangusha yule wa ngozi ya chui akiwa amebakiwa na pumzi mbili. Mpiga ngoma alitaka kupiga ngoma kuwaita wanakijiji, dadu ikaonyesha tisa, na Gichovi akasema haitoshi, ilihitajika kumi.

"Haiwezekani," Mwalimu Misheck alisema. "Nilikuwa juu ya jabali. Sauti inafika mbali zaidi juu ya jabali."

"Upepo unavuma kinyume chako, Mwalimu. Nilisema mwanzoni."

"Ulisema unavuma kutoka mlimani!"

"Na kijiji kiko wapi?"

"Kiko upande wa mlima," Wawira alisema. "Baba, umekosea."

Mzee alipekua maandishi yake, akafika kwenye mstari wenyewe, akausoma mara mbili. Masikio yalimwiva. "Haya," alisema. "Nimekosea. Ni zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu ya Kivuti, lakini mteja alikuwa akiita dukani, anataka dawa ya kupe. Kivuti aliinuka akiwaonya wasiguse dadu mpaka arudi. Walimngoja, mzee akimwuliza Gichovi kama mpiga ngoma anaweza kuogelea.